Malaysia, Indonesia au Tunisia: tukitaka mahakama zinazoheshimu dini na usawa, tuige wapi?

Kila mjadala wa mahakama ya kadhi ukianza, iwe Tanzania bara ambako wengine wanadai irudishwe au Kenya ambako ipo ndani ya katiba, lazima atokee mtu aseme mbona Malaysia wanayo na wameendelea, halafu mwingine anamjibu kwamba Tunisia walifuta mahakama za sharia toka 1956 na misikiti bado inajaa, wa tatu naye anataja Indonesia yenye Waislamu zaidi ya milioni 200. Wote wana hoja. Shida ni kwamba hizi nchi tatu zimejenga vitu tofauti kabisa, na sisi tunazitaja majina tu bila kusema ndani kukoje. Kwa hiyo hapa naziweka ubavu kwa ubavu ili mtu anayetaka kuchagua upande ajue anachagua nini.

Kipimo changu nakisema mapema. Siulizi kama mahakama ya dini ipo au haipo, maana hilo peke yake halikuambii kitu. Nauliza yule mnyonge kuliko wote kwenye kesi, yaani mama ambaye mume kabadili dini na kuondoka na mtoto, binti anayeozeshwa akiwa na miaka 15, mtu wa dini ndogo ambayo serikali haiitambui, huyo akionewa ana mlango gani wa kugonga, na aliyeko nyuma ya huo mlango ana nguvu ya kuiambia serikali hapana na serikali ikatii?

Malaysia

Naanza huku kwa sababu ndo wanatajwa sana na ndo wanaeleweka vibaya sana. Waislamu ni kama 63.5% kwa sensa ya 2020, waliobaki ni Mabudha, Wakristo, Wahindu na wengine, kwa hiyo ni nchi ya Waislamu wengi lakini si ya Waislamu watupu. Katiba ya 1957 inasema Uislamu ni dini ya Shirikisho na dini nyingine zifuatwe kwa amani, kifungu cha 11 kinampa kila mtu haki ya kuwa na dini yake na kuifuata, kifungu cha 8 kinakataza ubaguzi na mwaka 2001 wakaongeza jinsia humo. Lakini hicho hicho kifungu cha 8 kina kipengele kinachosema usawa hauzigusi sheria za hali ya mtu, yaani ndoa, talaka, mirathi na kadhalika. Wakenya mtaona kinafanana na kifungu cha 24(4) cha katiba yenu, ingawa ya Kenya imebanwa zaidi, inasema usawa utapunguzwa kwa kiasi kile tu kinacholazimu kabisa.

Sasa tatizo lenyewe. Mwaka 1988 waliongeza kipengele cha 121(1A), kinasema Mahakama Kuu haina mamlaka juu ya jambo lolote lililo chini ya mahakama za sharia. Kipengele kifupi sana lakini kimewatesa watu kwa miaka thelathini, kwa sababu mahakama za sharia ziko chini ya majimbo, zinahukumu Waislamu peke yao, asiye Mwislamu hawezi hata kuingia mle kujitetea, na Mahakama Kuu ikawa kila ikisikia neno Uislamu kwenye faili inanawa mikono.

Kesi ya Lina Joy ndo mfano unaojulikana. Alizaliwa Azlina Jailani kwenye familia ya Kiislamu, akawa Mkristo, akafanikiwa kubadili jina kwenye kitambulisho lakini neno Uislamu likabaki palepale, idara ya usajili ikamwambia alete kwanza hati ya mahakama ya sharia kwamba ametoka. Bila hiyo hawezi hata kuolewa na mchumba wake Mkristo, kwa sababu sheria ya ndoa ya wasio Waislamu haimhusu mtu anayehesabiwa Mwislamu. Tarehe 30 Mei 2007 Mahakama ya Shirikisho ikamkatalia, majaji wawili kwa mmoja. Yule mmoja, Richard Malanjum, alisema si haki kumlazimisha mtu apeleke ombi mahali ambapo ombi lenyewe linaweza kumgeuza mshtakiwa, kwa kuwa kuna majimbo ambako kuritadi, yaani kuacha Uislamu, ni kosa. Mimi nimeisoma hoja yake mara nyingi na bado naona ndo ilikuwa sahihi, na nasema hivyo nikijua Waislamu wenzangu wengi watakasirika, lakini imani ya mtu hailindwi na karani wa vitambulisho.

Halafu Indira Gandhi. Huyu si yule waziri mkuu wa India, ni mwalimu wa chekechea wa mji wa Ipoh huko Malaysia, Mhindu. Mwaka 2009 mumewe alisilimu, akaenda kuwasilimisha watoto wao watatu bila watoto wenyewe kuwepo, alikwenda na vyeti vya kuzaliwa tu, mama hajui chochote, akaondoka na yule mdogo aliyekuwa na miezi 11, mahakama ya sharia ikampa baba haki ya kuwalea. Mama akaenda Mahakama Kuu akapewa yeye haki ya kuwalea. Sasa una amri mbili zinazopingana za nchi moja, na mwaka 2014 mkuu wa polisi akasema hadharani kwamba hatatekeleza yoyote kati ya hizo mbili. Hebu fikiria wewe ndo huyo mama, una hukumu mkononi na polisi wanakuangalia tu.

Tarehe 29 Januari 2018 majaji watano wa Mahakama ya Shirikisho wakakubaliana wote, hukumu ikaandikwa na Jaji Zainun Ali, kwamba mtoto hawezi kubadilishwa dini bila ridhaa ya wazazi wote wawili walio hai, na zaidi ya hapo, hili ndo la kushika, kwamba mamlaka ya mahakama za kawaida kukagua vitendo vya serikali ni sehemu ya msingi wa katiba na hakuna marekebisho yanayoweza kuyaondoa, kwa hiyo 121(1A) haiwezi kutumika kumnyima mtu haki zake za kikatiba. Mlango ukafunguka tena. Lakini miaka ikaendelea kupita mama akiwa bado hajamshika yule mtoto, hukumu nzuri hairudishi utoto wa mtu.

Februari 2024 ikaja nyingine, wakili Nik Elin Zurina na binti yake walipinga sheria za makosa ya jinai ya sharia za jimbo la Kelantan, majaji wanane kwa mmoja, jopo likiongozwa na Jaji Mkuu Tengku Maimun Tuan Mat, wakafuta vifungu 16 kati ya 18 vilivyopingwa. Kelele zilikuwa nyingi, watu wakasema Uislamu umeshambuliwa, lakini ukisoma hukumu haihusu Uislamu kuwa mzuri au mbaya, inahusu nani ana mamlaka ya kutunga sheria za jinai, bunge la shirikisho au jimbo. Mambo ya namna hii yanapotoshwa kirahisi sana na ndo maana nayasisitiza.

Indonesia

Wao wana mahakama za dini pia, na wengi hawajui hilo. Sheria ya 1989 inazipa ndoa, talaka, mirathi na wakfu za Waislamu, na mwaka 2006 wakaongeza kesi za uchumi wa Kiislamu. Tofauti kubwa na Malaysia ni ghorofa ya juu: toka 2004 mahakama hizi ziko chini ya Mahakama ya Juu ile ile inayosimamia mahakama za kawaida, hazina serikali yao ya pembeni. Mume hawezi kumwacha mke kwa maneno akaenda zake ikawa ndo talaka mbele ya serikali, sheria ya ndoa ya 1974 inataka talaka ipite mahakamani. Na wanawake wanakaa kama majaji kwenye mahakama hizo za dini, na walikuwepo miaka mingi kabla Malaysia hawajaweka wa kwanza mwaka 2010.

Halafu juu ya hayo yote kuna Mahakama ya Katiba, imeanza kazi 2003, raia yeyote anayeona sheria inamnyima haki ya kikatiba anapeleka ombi lake na halipiwi ada. Hiki ndo kitu ninachokipenda sana kwa Indonesia kwa kuwa nimeona kinavyofanya kazi kwenye jambo linalotuuma na sisi, ndoa za watoto. Sheria yao iliruhusu msichana kuolewa na miaka 16 na mvulana 19. Mwaka 2015 mahakama ilikataa kuigusa. Wakarudi wanawake watatu walioozeshwa wakiwa watoto, wakasimama wao wenyewe kama waombaji, na Desemba 2018 mahakama ikasema tofauti hiyo ni ubaguzi, bunge lirekebishe ndani ya miaka mitatu. Bunge halikusubiri mitatu, 2019 umri ukawa 19 kwa wote. Bado kuna mwanya, wazazi wanaweza kuomba ruhusa maalum mahakamani na wengi wanaomba, lakini sheria imebadilika.

Weka Tanzania pembeni ya hiyo. Kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu 2016, Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, ni karibu mwaka ule ule kabisa, na jambo lile lile, vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Mahakama zikasema ni kinyume na katiba, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe, na huo mwaka ukapita bila marekebisho. Kwa hiyo mtu akiniambia nchi ya Waislamu wengi haiwezi kuwapa wasichana usawa namuuliza anieleze hapo imekuwaje, Indonesia wamemaliza sisi tumekwama.

Lakini nisiwape picha ya upande mmoja, maana kwenye uhuru wa dini Indonesia inanisikitisha. Serikali inatambua dini sita tu: Uislamu, Uprotestanti, Ukatoliki, Uhindu, Ubudha na Ukonfyusi. Wafuasi wa imani za asili waliambiwa waache wazi sehemu ya dini kwenye kitambulisho, au waandike dini isiyo yao ili mambo yao yaende, mpaka Novemba 2017 Mahakama ya Katiba iliposema waandikwe kama walivyo. Hilo ni zuri. Baya ni sheria ya kukashifu dini ya 1965, mahakama hiyo hiyo iliilinda mwaka 2010, akapinga Jaji Maria Farida Indrati peke yake. Kwa sheria za namna hiyo gavana wa Jakarta, Basuki Tjahaja Purnama wanayemwita Ahok, alifungwa miaka miwili mwaka 2017, na mwaka uliofuata mama mmoja Mbudha wa Sumatra akapewa miezi 18 kwa kulalamika sauti ya spika za msikiti. Mimi adhana naipenda, nimekua nayo, ila siwezi kutetea mwanamke kufungwa kwa kuomba sauti ipunguzwe. Na ndoa za watu wa dini mbili nazo zimezibwa, Mahakama ya Katiba ilikataa 2015 na tena 2023, halafu Mahakama ya Juu ikatoa waraka 2023 kuwazuia majaji wasiruhusu kuziandikisha. Jimbo la Aceh ni habari nyingine kabisa, wana sharia ya jinai na viboko vya hadharani, siingii huko.

Tunisia

Hawa walikata njia fupi. Uhuru Machi 1956, Agosti 13 mwaka huo huo Habib Bourguiba, waziri mkuu ambaye baadaye akawa rais, akatoa sheria ya familia iliyopiga marufuku ndoa za wake wengi, ikataka ridhaa ya wote wawili kwenye ndoa, na talaka ikawa ni mahakamani tu kwa mume na mke sawasawa. Mahakama za sharia zikafutwa, za Wayahudi zikafuata 1957, wote wakaingia mahakama moja. Kwa mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa Tunis baada ya hapo, kwenye ndoa na talaka alikuwa na haki ambazo bibi zetu hata hawakuziota.

Katiba ya 2014 ikaongeza uhuru wa dhamiri, nadra sana kwenye nchi za Kiarabu, ikakataza watu kukufurishana. Septemba 2017, wakati wa Rais Beji Caid Essebsi, ukafutwa waraka wa 1973 uliomzuia mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Mirathi ndo ikabaki. Kamati iliyoongozwa na Bochra Belhaj Hmida ilipendekeza 2018 watoto wa kiume na wa kike warithi sawa, muswada ukapita baraza la mawaziri, ukafia bungeni, Essebsi akafariki Julai 2019, na Rais Kais Saied aliyefuata akasema wazi hakubaliani nao.

Na hapa ndo nashindwa kuiweka Tunisia ya kwanza pamoja na uzuri wote huo. Katiba ya 2014 iliagiza Mahakama ya Katiba iundwe ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi. Haikuundwa, vyama vilishindwa kukubaliana majaji. Ikafika Julai 2021 Rais Saied anasimamisha bunge kwa tafsiri yake mwenyewe ya katiba na hakuna mahakama ya kumwambia tafsiri hiyo ni sahihi au si sahihi. Februari 2022 akavunja Baraza Kuu la Mahakama, chombo kinachosimamia majaji, Juni akafukuza majaji 57 kwa mpigo, mahakama ya utawala ikasimamisha kufukuzwa kwa karibu 50 kati yao na serikali ikapuuza. Katiba mpya ya mwaka huo inasema Tunisia ni sehemu ya umma wa Kiislamu na ni juu ya dola kutimiza malengo ya Uislamu, uhuru wa dhamiri umebaki kwenye maandishi, lakini nani atatafsiri hayo malengo siku yakigongana na huo uhuru? Haki za Tunisia zilitoka juu, kwa mtawala, na kilichotolewa na mtawala mmoja mwingine anaweza kukichezea. Na hata wakati ule wa matumaini, 2012, vijana wawili walihukumiwa miaka saba na nusu kwa picha na maandishi ya kumkashifu Mtume mtandaoni.

Sasa uchague vipi

Inategemea unachotafuta na naomba watu waache kuchanganya mambo mawili, usawa ndani ya familia na uhuru wa dini, kwa sababu nchi moja inaweza kufaulu hapa ikafeli pale.

Kama swali lako ni familia, na unataka Mwislamu ahukumiwe ndoa na talaka yake kwa dini yake lakini mke asiachwe bila ulinzi, mimi nachagua muundo wa Indonesia bila kusita. Mahakama ya dini ndani ya mhimili mmoja, rufaa inapanda juu, na pembeni mahakama ya katiba ambayo hata mtu asiye na hela anaifikia. Kenya haiko mbali na hapo, rufaa ya kadhi inakwenda Mahakama Kuu, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema watoto waliozaliwa nje ya ndoa ya baba Mwislamu wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo, jambo linalofanana na lile Mahakama ya Katiba ya Indonesia iligusa 2012 iliposema mtoto wa nje ya ndoa anaweza kuunganishwa kisheria na baba yake mzazi. Najua mashekhe wengi wa Mombasa hawakuifurahia hukumu hiyo na nawaheshimu, ila mtoto hakuchagua alikozaliwa.

Kama unataka sheria moja ya familia kwa raia wote, Tunisia ndo kielelezo, lakini usianze na sheria ya familia, anza na mahakama ya kuilinda.

Kama swali lako ni uhuru wa mtu kubadili dini, hakuna kati ya hizi tatu ninayoweza kukupa bila kasoro. Malaysia ndo ngumu kuliko zote kwa aliyezaliwa Mwislamu. Indonesia mtu anabadili dini kwenye kitambulisho kwa utaratibu wa kawaida, hatari yake ni mdomo, ukisema neno likamkera mtu unaweza kufungwa. Tunisia kuritadi si kosa la jinai. Kwa hilo tu Tunisia iko mbele.

Kitu ambacho nisingekichukua kwa bei yoyote ni 121(1A) ya Malaysia. Kwa wanaodai mahakama ya kadhi Tanzania bara, na mimi sipingi dai lenyewe, tafadhali mkiandika mapendekezo msiweke sentensi inayosema mahakama nyingine isiguse. Chukueni kifungu cha 170(5) cha katiba ya Kenya badala yake, kwamba wote wawili wawe Waislamu na wote wakubali kwenda kwa kadhi. Ingekuwepo Malaysia, kesi ya yule mwalimu wa Ipoh isingefika huko, kwa sababu mama ni Mhindu na hakukubali, mambo yangeishia mahakama moja.

Na kwa dada zangu mlioko Kenya mnaosoma hili huku mna kesi yenu wenyewe: ridhaa hiyo ni yako, si ya mume wala ya wazee. Kama hutaki kesi isikilizwe na kadhi, weka pingamizi lako kwa maandishi mwanzoni kabisa kabla hujaanza kujibu madai, na kama unataka kadhi kwa kuwa unaona atakupa matunzo na mahari yako haraka zaidi, na wapo wengi wanaopata, basi nenda ukijua kwamba usiporidhika na uamuzi wake una haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Uliza tarehe ya mwisho ya kukata rufaa siku hiyo hiyo ya hukumu kabla hujatoka pale mahakamani.